Mpira mwekundu wa SG: je, unaifaa Dar?

Mteja wa mpira wa kriketi Dar es Salaam mara nyingi huchagua kwa wekundu na bei, analipa, anaondoka. Wekundu ni rangi na lakeri tu, na ova chache (kila ova ni mipira sita inayorushwa mfululizo) zikipita umeshachuja. Kinachobaki mkononi ni mshono, na hapo ndipo SG inapojipatia sifa yake na hela yako.

SG ni chapa ya mipira inayotengenezwa Meerut, India. Siku hizi ndio mpira wa Ranji Trophy, mashindano ya majimbo ya India yaliyoanza msimu wa 1934/35, na ndio unaotumika kwenye mechi za Test (za siku tano kati ya mataifa) zinazochezwa India. Tukitaka kujua mpira huu unafanya nini, tuwaangalie Mumbai, timu yenye mataji mengi kuliko zote kwenye Ranji. Msimu ule wa kwanza kombe lilikuwa lao, wakiitwa Bombay. Hadi Machi 2024 walikuwa wamelichukua mara 42, na kati ya 1958/59 na 1972/73 hakuna mwingine aliyeligusa: misimu 15 mfululizo. 

Sasa uchukue mpira wenyewe. Una safu sita za uzi, tatu kila upande wa kiungo. Kwenye SG safu zote sita hushonwa kwa mkono, uzi ni mnene na safu zimebanana, ndiyo maana mshono unasimama juu ya ngozi kama kovu. Pitisha ukucha wa kidole gumba kwa kukatisha mshono: ukucha ukwame. Kookaburra, mpira unaotumika kwenye Sheffield Shield, mashindano ya majimbo ya Australia, hushonwa kwa mkono safu mbili za ndani tu. Nyingine ni za mashine, na mshono wake hulala mapema. New South Wales wamepata mataji yao 47 kwenye mashindano hayo, kwa hiyo Kookaburra si mpira mbaya. Ila unamtaka mrushaji mwenye kasi kweli au uwanja unaodundisha mpira juu, na vitu hivyo viwili ni adimu kwenye mechi zetu za wikiendi.

Mshono uliosimama una kazi mbili. Mpira ukiwa mpya, mrushaji wa kasi ya wastani akiushika wima, unapinda hewani au unabadili njia ukigusa chini. Ukichakaa, mrushaji wa spini, anayeuzungusha mpira, bado ana mahali pa kung'ang'aniza vidole. Fainali ya Ranji ya Machi 2024 uwanjani Wankhede ilionyesha kazi zote mbili ndani ya zamu moja. Mumbai walikuwa wametolewa kwa mikimbio 224, si nyingi. Wapinzani wao Vidarbha wakaingia, wakaishia 105. Dhawal Kulkarni, wa kasi ya wastani na akicheza mechi yake ya mwisho, alichukua wiketi tatu, yaani aliwatoa wapigaji watatu. Shams Mulani na Tanush Kotian, wote wa spini, wakachukua tatu kila mmoja. Mumbai wakashinda kwa mikimbio 169. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayetisha kwa kasi, na hilo ndilo la kuzingatia kwa klabu ya Dar.

Mwenye kutaka mfano wa zamani wa kazi ya spini ausome ule wa fainali ya 1972/73, Chennai. Padmakar Shivalkar, wa spini ya mkono wa kushoto, aliwatoa wapigaji wanane wa Tamil Nadu kwa mikimbio 16, kisha watano kwa 18, na mechi ikaisha kwa mpira wa kwanza wa siku ya tatu. Huyo ni mtu aliyechukua wiketi 589 za daraja la kwanza na hakuitwa hata mara moja kwenye Test za India. Foleni ya spini India ilikuwa ndefu hivyo.

Mipira ya SG ina madaraja. Test ndiyo ya juu, Tournament inafuata, Club iko chini yake. Yote matatu yana ngozi ya vipande vinne, yaani kila nusu ya mpira imeunganishwa kutoka vipande viwili, na kiungo hicho huonekana kama mstari mwembamba unaokwenda kuukatisha mshono mkuu. Usipouona mstari huo upande wowote, ni mpira wa vipande viwili hata kama muhuri wa dhahabu unasema vingine. Wa vipande viwili hupoteza uviringo haraka. Ni wa mazoezi ya wavuni, usiuingize kwenye mechi.

Kabla ya kulipa, omba kisanduku kifunguliwe, na muuzaji akikataa usibishane naye, nenda duka la pili. Uweke mpira kwenye mizani: wa wanaume uwe kati ya gramu 156 na 163. Uzungushie futi ya fundi cherehani mahali panapojaza zaidi: sentimita 22.4 hadi 22.9. Kisha uviringishe taratibu juu ya kioo cha kaunta, mshono ukiwa umelala. Ukiyumba kama gurudumu la baiskeli lililopinda, kiini chake hakiko katikati. Kiini hicho ni gome jepesi la mti, lile la vizibo vya chupa, lililozungushiwa uzi wa sufu kwa tabaka, na tabaka zikivutwa bila usawa hakuna urekebishaji. Mwisho, kandamiza kwa vidole gumba viwili pande zote mbili za mshono. Mpira mpya usibonyee. Ukibonyea, umekaa ghalani kwenye unyevu.

Wanawake na watoto wana vipimo vyao, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Mpira wa wanawake ni gramu 140 hadi 151, wa watoto chini ya miaka 13 ni 133 hadi 144. Kumpa binti wa miaka 12 mpira wa gramu 160 ni kumfundisha kurusha vibaya, kwa sababu vidole vyake havifiki pande zote za mshono na mkono unatafuta njia ya mkato.

Udhaifu wa SG ni ngozi. Mwaka 2018 Virat Kohli, akiwa nahodha wa India, alilalamika hadharani kuwa mpira huu unachunika baada ya ova tano tu. Alikuwa anazungumzia viwanja vya Test, vyenye nyasi na wahudumu. Kwenye mkeka uliotandikwa juu ya zege hali ni mbaya zaidi: mkeka ni kama msasa, na kila mpira unaodunda huacha nyuzinyuzi. Kama uwanja wenu ni wa mkeka, usinunue Test. Nunua Club mbili kwa ajili ya mechi moja. Hata kwa hesabu tu inaingia akilini: Test imekusudiwa kuvumilia ova 80 kabla ya timu kuruhusiwa kudai mpya, na nyinyi mechi yenu ni ya ova 20 au 30. Zaidi ya nusu ya hela inabaki ndani ya mpira bila kutumika.

Maji ndiyo adui wa pili. Majani ya asubuhi yenye umande, au uwanja ulionyeshewa usiku, hulowesha mshono kwanza, uzi unavimba, kisha ngozi inalegea na mpira unakuwa mzito upande mmoja. Mumbai wana ligi nzima, Kanga League, inayochezwa tangu 1948 katikati ya masika yao, na wapigaji wao hujifunzia humo ukaidi wanaouita wenyewe khadoos. Kwa Dar ushauri ni mdogo: weka mipira mitatu minne iliyochoka kwa ajili ya mazoezi ya Machi hadi Mei, na ule mpya ubaki kwenye kisanduku.

Ule usemi kwamba mpira hupinda zaidi Dar kwa sababu hewa ya pwani ni nzito, tuuache. Hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Kinachopindisha ni mshono ulioshikwa wima na upande mmoja uliong'arishwa kuliko mwingine.

Kung'arisha kwenyewe kuna sheria. Mate yamepigwa marufuku moja kwa moja tangu Oktoba 2022, baada ya katazo la muda la kipindi cha korona. Jasho linaruhusiwa, na Dar hatuna uhaba nalo. Futa kwa suruali, upande uleule mmoja tangu mpira wa kwanza. Wachezaji kumi na mmoja wakifuta pande tofauti mmejinyima wenyewe. Mafuta ya nywele, losheni na Vaseline ni kuchezea mpira, na mwamuzi ana haki ya kuwaadhibu kwa mikimbio mitano. Mpira ukilowa taulo linaruhusiwa, na tope huondolewa mwamuzi akiangalia.

Baada ya mechi usiufungie kwenye mfuko wa plastiki, na usiuache kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Plastiki huleta ukungu wa kijani kwenye uzi ndani ya wiki, na joto la buti hukausha ngozi hadi ipasuke pembeni mwa mshono. Ufute kwa kitambaa kikavu, uuache kivulini penye upepo usiku mzima, halafu urudishe kwenye kisanduku chake cha karatasi na uandike juu yake kwa kalamu umetumika ova ngapi.