Seti ya sentro loki ya mota nne: kisanduku kizuri, nyaya za kutupa

Maduka ya spea ya Kisekka na Ndeeba, Kampala, huuza seti hii ya kufunga milango yote ya gari kwa pamoja ndani ya boksi lenye picha ya gari la kifahari ambalo halifanani hata kidogo na Toyota Corona au Raum itakayofungwa. Jina la juu ya boksi hubadilika kila mzigo mpya ukiingia, lakini vya ndani ni vile vile: mota nne, kisanduku cha kuongozea, rimoti mbili, shada la nyaya, fito nne za chuma, kanda za bati zenye matundu na kifuko cha skrubu. Kati ya mota hizo, moja au mbili huwa na nyaya tano, zilizobaki nyaya mbili. Ukikuta zote nne ni za nyaya mbili, irudishe palepale. Ufunguo ukizungushwa kwenye mlango wa dereva, milango mingine haitajua lolote.

Kisanduku na mota ni vitu vya kuaminika kwa bei yake. Kinachoaibisha seti hii ni nyaya, zile kanda za bati, na haraka ya fundi.

Kabla ya kulipa, kaa kwenye kiti cha dereva ubonyeze swichi ya kufuli. Milango yote ikiitikia, gari lina mota zake tayari, kwa hiyo unahitaji kisanduku na rimoti tu, navyo huuzwa peke yake kwa bei nafuu. Magari mengi ya Kijapani yako hivyo: sentro loki ipo, rimoti ndiyo haipo. Kulibandikia mota nyingine nne ni kumlipa fundi kuharibu milango mizima.

Kwa magari hayo yenye sentro loki tayari, kazi yote iko kwenye nyaya sita za kisanduku, tatu za kufunga na tatu za kufungua. Rangi hutofautiana, kwa hiyo fuata mchoro wa boksi lako. Toyota nyingi huamrishwa kwa negativu: swichi hugusisha waya na bodi, yaani bati la gari, milango ikafunga. Hapo waya wa kati wa kila upande huenda kwenye bodi, ule unaoungana nao rile (swichi ya umeme iliyo ndani ya kisanduku) ikivuta huenda kwenye waya wa swichi, na wa tatu hufungwa teepu na kuachwa. Pima kwa multimita (kipima umeme) kabla ya kukata chochote. Anayebahatisha na kupeleka positivu ya betri kwenye waya wa negativu huunguza kisanduku cha gari chenyewe, na hicho ni ghali kuliko seti mbili. Mercedes za zamani kama W124 hufunga kwa pampu ya hewa. Humo kisanduku lazima kirekebishwe kitoe amri ya sekunde tatu na zaidi, maana ile nusu sekunde ya kawaida haitoshi pampu kumaliza kazi yake. Na chini ya usukani, soketi za njano ni za mifuko ya hewa. Ziache. Hata kuzipima usizipime.

Tukirudi kwenye gari lisilo na chochote, mota ndiyo yenye kazi. Ufito wake husogea takriban milimita 20, na lazima usogee sambamba na ufito wa kitasa cha gari. Weka kitasa katikati ya mwendo wake, mota nayo katikati, ndipo ukaze skrubu ya kuunganishia. Ukiufunga kwa pembe, mlango utafunga nusu, au utafunga asubuhi na kukataa mchana bati likipata joto. Jaribu kwa kidole kabla ya umeme: kibonyezo kikiwa kizito mkononi, mota nayo itashindwa. Teremsha kioo chote uone kinapopita, weka alama, kisha kipandishe ndipo utoboe. Zungushia teepu kwenye keekee ya milimita 3, sentimita moja kutoka kwenye ncha, isije ikatokea upande wa rangi.

Zile kanda za bati zenye matundu ni laini mno. Mota ikivuta, kanda hupinda na mota huyumba badala ya kitasa kusogea. Ifunge mota moja kwa moja kwenye bati la mlango kwa skrubu mbili. Skrubu ya kuunganisha fito mbili hulegea kwa mtikisiko wa barabara za moramu, na tone la rangi ya kucha juu yake hutosha kuizuia.

Kwenye mota ya nyaya tano, kijani na buluu ni za nguvu. Mweusi huenda kwenye bodi, mweupe na kahawia hupeleka habari kwa kisanduku. Ukigeuza mweupe na kahawia utaona kioja: unafunga, papo hapo mlango unajifungua, tak-tak, tak-tak, hadi fyuzi ikatike. Ukigeuza kijani na buluu kwenye mlango mmoja, huo hufunguka wenzake wanapofunga. Badilisha nyaya hizo mlangoni humo humo. Kisanduku hakina kosa.

Sasa nyaya zenyewe. Za seti ni nyembamba na plastiki yake hukakamaa, kwa hiyo nunua za milimita moja ya mraba kwa mota. Zile za seti zinafaa kwa mweupe na kahawia tu. Zote zipitishe ndani ya bomba la mpira lililoko kwenye bawaba, zikiwa zimepakwa sabuni na kuvutwa kwa kebo ya breki ya baiskeli. Hapa ndipo mafundi wengi huchoka. Atatoboa tundu jipya kwenye bati kavu na kukuambia, "Ssebo (bwana), haina shida." Shida ipo: ukingo wa bati utakula plastiki kila mlango unapofunguliwa, na siku moja fyuzi itakatika bila sababu ya kuonekana. Kiungo chochote kisiwe ndani ya bomba hilo.

Umeme uchukuliwe kwenye waya wenye nguvu hata ufunguo ukiwa umetolewa, kwa fyuzi ya ampea 15 iliyowekwa karibu na pale ulipoungwa. Waya wa redio haufai, kwani mota nne zikivuta pamoja huuzidi nguvu. Pale waya wa bodi unapofungwa pakwanguliwe rangi mpaka chuma king'ae. Nyaya mbili za indiketa kwenye kisanduku, moja ni ya kulia na nyingine ya kushoto. Ukiziunga pamoja, ukiashiria kulia taa zitawaka pande zote.

Kazi ikiisha, pima umeme unaotumika gari likiwa limelala: multimita kwenye negativu ya betri, subiri nusu saa. Ikizidi miliampea 50 kuna kosa. Kiasi hicho tu hula zaidi ya ampea-saa moja kwa siku, na gari linalokaa wiki mbili bila kuwashwa litakusumbua.

Rimoti zikishika karibu tu, tazama waya mwembamba unaoning'inia kwenye kisanduku. Hiyo ni antena. Kwa masafa ya megahezi 433.92 inatakiwa urefu wa sentimita 17 hivi, inyooke, isigusane na bati. Mafundi hupenda kuikunja na kuifunga teepu ili ipendeze. Jambo zito zaidi ni msimbo. Seti za bei ya chini kabisa hutuma msimbo ule ule kila mara, na mwenye kifaa cha kunasa anaweza kuurudia ukishaondoka. Uliza zenye msimbo unaobadilika, hata kama ni kuongeza pesa kidogo. Hata hizo si alamu, wala hazizuii injini kuwaka.

Jaribu kufunga na kufungua mara 20 kabla ya kurudisha makava, kioo kikiwa juu na kikiwa chini. Kisha ile nailoni ya ndani ya mlango ibandikwe tena kwa gundi pande zote. Ikirudishwa ovyo, mvua ya Aprili huingia mpaka kwenye zulia, na mwenye gari atalilaumu paa.