.308 kwa swala na shabaha: uzoefu wangu baada ya misimu minne

Jibu kwanza, maelezo baadaye. Kama uko Dodoma au Manyoni, katikati ya Tanzania, unawinda swala pala, ngiri na mara moja moja tandala, na bunduki hiyo hiyo unataka uende nayo kwenye shabaha, chukua .308 Winchester (namba hiyo ni kaliba, yaani unene wa kichwa cha risasi kwa inchi). Sisemi ndiyo bora kuliko zote. Kila kazi ukiitazama peke yake, ipo kaliba inayoizidi. Ila ukizijumlisha kazi zote, pamoja na makaratasi yetu, inabaki yenyewe.

Makaratasi nimeyataja makusudi. Leseni ya silaha inatoka kwa bunduki moja na kaliba yake, na dukani utauziwa risasi za kaliba iliyoandikwa humo tu. Kwa hiyo ule ushauri wa Wamarekani, sijui .243 ya wanyama wadogo, 6.5 Creedmoor ya shabaha, .300 ya wakubwa, kwetu ni ndoto. Wengi wetu tutachagua moja na kuishi nayo. Na usichanganye mambo: leseni ya polisi ni ya kumiliki bunduki, kibali cha kuwinda ni cha wanyamapori, nacho kinataja mnyama, idadi na eneo. Kuwa na kimoja hakukupi kingine.

Ninayotumia ni ya bolti, yaani komeo unalolivuta kwa mkono kila risasi, mtutu wa inchi 22, darubini ya 3-9x40, inayokuza mara 3 hadi 9 kwa lenzi ya milimita 40. Ikiwa na darubini na mkanda inakaribia kilo 4. Kabla yake nilitumia .243 msimu mmoja, na .30-06 nimeipiga kiasi cha kutosha kuwa na maoni.

Tuanze na .243, maana wengi wanaidharau bila sababu. Hiyo ni ganda lile lile la .308 lililobanwa shingo, lilitoka 1955, miaka mitatu baada ya mama yake. Kichwa cha risasi cha greni 100, yaani gramu 6.5, kinatoka kwa karibu mita 900 kwa sekunde na nguvu ya jouli 2,600 hivi. Dume la swala pala lina kilo 55 hadi 75, kwa hiyo inamtosha na kubaki. Teke lake, yaani inavyopiga bega, ni dogo, hata mtu mwembamba anapiga risasi 30 asubuhi na bega halisemi kitu. Shida inaanza akitokea tandala mkubwa dume wa kilo 250 amesimama kimshazari. Hapo kichwa chepesi kinatakiwa kipite nyama na mifupa mingi, na kosa dogo la pembe linakuwa kosa kubwa. Pofu ndiyo usiseme, dume lake linafika kilo 700 na zaidi. Pia upepo wa kwetu unakisukuma kichwa chepesi ukikosea kuusoma, ingawa kwa umbali tunaopigia tofauti hiyo si kubwa kama inavyotangazwa.

.30-06 ni mzee wa 1906 na hajachoka. Greni 180 kwa mita 820 kwa sekunde, karibu jouli 3,950. .308 yenye greni 150 inatoka kwa mita 860 na kubeba karibu 3,600. Tofauti hiyo ipo kwenye karatasi, swala haioni. Unachokiona wewe ni teke. Kwa bunduki za uzito mmoja, .30-06 inapiga bega zaidi, bolti yake inasafiri mbali zaidi kwa sababu ganda ni la milimita 63 badala ya 51, na ukifika risasi ya kumi na tano mezani unaanza kufumba macho kabla ya mlio. .270, ya 1925, iko hapo katikati: ina kasi, inaenda tambarare, tamu kwa swala granti wa uwanda wazi. Mtu akiwa nayo tayari simwambii auze. Ila akimpiga swala pala begani kwa mita 60 kwa kasi ile, bega zima linakuwa damu iliyovilia na ni la mbwa.

Sasa kwenye shabaha, ambako ndiko kaliba inapochaguliwa kweli. Bunduki unayoiogopa hutaifanyia mazoezi, na usipoifanyia mazoezi jouli zake hazina faida. Teke la .308 ni la wastani. Risasi 20 kwa siku zinapigika bila mtu kuharibika mkono. Zikizidi hapo unafundisha woga.

Namna ya kuiweka sawa, kwa darubini mpya. Funga vishikizo vya darubini kwa kupishana, skrubu hii kisha ya upande wa pili, nguvu ya nyutoni-mita 2 hivi. Ukikaza kwa hasira unaibana bomba la darubini na vipimo havirudi. Kwenye msingi unaokaa juu ya bunduki unaweza kukaza zaidi. Halafu hakikisha chemba ni tupu, toa bolti, laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu hadi uone alama ya mita 25 katikati ya duara, na bila kuisogeza bunduki zungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba wa ndani yake ukae kwenye alama ile ile. Hapo umeokoa nusu pakiti ya risasi.

Piga tatu kwa mita 25. Darubini nyingi zinahama robo dakika (ya pembe, si ya saa) kwa kila mbofyo wa kifundo, yaani milimita 7 kwa mita 100, lakini kwa mita 25 ni chini kidogo ya milimita 2. Hapa ndipo watu wanapotea. Kundi, yaani matundu ya risasi zako tatu, likiwa chini sentimita 5 na kulia sentimita 3, unahitaji mibofyo 28 kwenda juu na 17 kwenda kushoto, si saba na nne. Ikikaa sawa, nenda mita 100. Huko taka kundi liwe sentimita 4 hadi 5 juu ya alama, usilishushe. Kwa greni 150 hiyo inakupa alama kamili kwenye mita 200, na kwa 250 inashuka sentimita kama 10. Mita 300 ni sentimita 24 hivi chini, na mimi huko sipigi mnyama, napiga ubao.

Kati ya makundi, acha mtutu upoe. Dodoma mwezi wa kumi saa tano asubuhi, baada ya risasi tano mfululizo mtutu haushikiki, mawimbi ya joto yanacheza mbele ya darubini na kundi linatanuka. Nenda saa moja, maliza kabla ya saa nne. Upepo pia unakuwa haujaamka. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unasogeza greni 150 sentimita 9 au 10 kwa mita 200, na mchana wa Julai na Agosti huku kwetu huo ni upepo wa kawaida tu.

Darubini ya kwanza niliyofunga ilikuwa ya bei rahisi, na ndiyo lawama yangu kubwa kwenye hadithi hii, si bunduki. Baada ya risasi thelathini na kitu msalaba ukawa unahama wenyewe. Kipimo ni rahisi: lenga alama moja muda wote, piga, kisha mibofyo 20 kulia, piga, 20 juu, piga, 20 kushoto, piga, 20 chini, piga. Kwa mita 100 unapata mraba wa sentimita 14, na risasi ya mwisho inarudi ilipoingia ya kwanza. Isiporudi, rudisha darubini dukani siku hiyo hiyo. Nunua bunduki ya kawaida na darubini nzuri, usifanye kinyume.

Mezani ukishamaliza, ondoka mezani. Porini hakuna meza. Kata fito tatu za mita 1.8, zifunge juu kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, na pigia hapo umesimama. Chukua boksi, weka kisosi cha chai juu yake, chora duara. Kile kisosi, sentimita 15 hivi, ndicho kifua cha swala pala. Umbali ambao unaweka tano kwa tano ndani ya duara ukiwa kwenye fito ndio umbali wako wa kuwinda. Wangu ni mita 140, na siuongezi kwa sababu eti kaliba inafika.

Kama unajishuku unashtuka kabla ya mlio, mwombe mwenzako akuwekee risasi yeye, mara nzima, mara ganda tupu, bila kukwambia. Ikija tupu na mdomo wa mtutu ukachomoka kwenda chini, jawabu umelipata, na hakuna kaliba itakayokutibu. Mwenye .22 afanyie mazoezi nayo: haina teke na risasi ni rahisi. Ila ikiwekwa sawa kwa mita 50, kwa 100 inashuka sentimita 15 au zaidi, kwa hiyo isikudanganye kuhusu umbali.

Porini sasa. Kuna imani kwamba risasi nzito inapasua vichaka. Haipasui. Kwenye vichaka vya Itigi, ambako unamwona ngiri kwa mita 40 kupitia matundu ya miiba, kijiti cha unene wa kidole kinageuza greni 180 kama kinavyogeuza greni 100, hasa kikiwa mbali na mnyama. Subiri tundu. Uzuri wa .308 pale ni bolti fupi na mtutu usiokamatwa na matawi, hayo mengine ni maneno ya vijiweni.

Aina ya kichwa ina uzito kuliko kaliba yenyewe. Kwa swala pala natumia greni 150 ya ncha laini, nyuma ya bega, theluthi moja ya kifua kutoka chini. Nyama inayopotea ni mbavu mbili. Kwa tandala natumia greni 180 ambayo madini ya risasi ya ndani yamegandishwa na koti la shaba la nje, kichwa kisipasuke mapema. Kichwa kilichofunikwa chote kwa koti, hadi nchani, ni cha shabaha za karatasi tu: kinapita swala kama sindano, anakimbia nusu kilomita na jioni unamfuatilia kwa matone. Na za kijeshi usiziguse hata ukipewa bure, raia hana haki nazo.

Greni 150 na 180 hazipigi mahali pamoja. Kwangu zinaachana sentimita 6 kwa mita 100, nyingine itakuwa na yake. Ukibadilisha pakiti, hata ya uzito ule ule kutoka kiwanda kingine, piga tatu kwenye boksi kabla ya kutoka. Waislamu wakiwemo kambini, suala la kisu na kibudu lizungumzwe usiku kabla, maana mnyama aliyepigwa mapafu kwa .308 mara nyingi hasubiri ufike.

Matunzo hayana ajabu, isipokuwa vumbi. Mafuta mengi kwenye bolti na vumbi jekundu la Manyoni vinatengeneza msasa. Futa mpaka ibaki kama imekauka, na mdomo wa mtutu uzibe kwa utepe wa plasta. Unaweza kupiga juu ya utepe huo bila madhara. Barabara ya kwenda Rungwa inalegeza skrubu, kwa hiyo zipige mstari wa rangi ya kucha uone kama zimezunguka. Risasi usiziache juu ya dashibodi: baruti ikipata joto shinikizo linapanda, bolti inakuwa ngumu kufunguka na alama inahama.

Tena hili: risasi ya .308 iliyokosa inaweza kwenda karibu kilomita 4. Huku kuna wachungaji, walina asali, watoto wanaofuata maji. Pasipo mlima au tuta la udongo nyuma ya mnyama sipigi, hata awe na pembe za namna gani. Mnyama juu ya mgongo wa kilima, anga nyuma yake, ni wa kuangalia kwa darubini ya macho mawili tu.

Kasoro za .308, nisije nikaonekana nauza: mlio wake ni mkali, vaa viziba masikio hata kwa risasi moja ya kujaribu. Kwa pofu inatosha kwa greni 180 na upigaji wa utulivu chini ya mita 100, lakini huna akiba ya kosa. Na nyati si wake kabisa. Kwa wanyama hatari kanuni zetu zinadai kuanzia .375, ambayo kwa greni 300 inabeba jouli 5,750 hivi, na teke zaidi ya mara mbili. Huyo akiwa kwenye kibali chako, hiyo ni leseni nyingine, bunduki nyingine, na bega lingine.