Pikipiki ya Honda RS125R au Yamaha R3, ipi ya kukimbizia traki (uwanja wa mbio)?

Hili swali haliishi. Kwa wepesi hakuna ubishi, RS ilitengenezwa kwa mashindano tu, haina hata stata, unaisukuma unairukia ndo inawaka, na uzito wake haufiki nusu ya R3 yenye kama kilo 170. Ila matunzo jamani! Ni tustroki (injini ya mipigo miwili), oili unachanganya na petroli mwenyewe, pistoni na ringi unabadilisha kwa kuhesabu kilomita kabla hazijafa, hali ya hewa ikigeuka unafungua kabureta unabadili jeti (kitundu kinachopima petroli). Chomoa plagi uitazame, ikiwa kahawia uko vizuri, ikiwa nyeupe usirudi traki maana petroli inaingia kidogo, injini inachemka na pistoni inaweza kutoboka.

R3 ni fostroki (mipigo minne) ya cc 321, we badilisha oili mapema, kagua cheni, tairi na pedi za breki, valvu mara mojamoja, basi. Spea zake zinapatikana, za RS zinazidi kuadimika tangu daraja la cc 125 liondolewe Grand Prix (mashindano ya dunia ya pikipiki) baada ya 2011.

Kama unapenda kushika spana kila jioni na una fundi anayejua tustroki, chukua RS, kwenye kona ni raha tupu. Unaepata Jumapili moja kwa mwezi, R3 itakufaa zaidi.