Draivu F Yenye Wenyewe Wawili: Tathmini ya Duka la Mafundi wa Kompyuta, Mwembe Tayari

Kwa karibu miezi miwili ofisi yetu ya uwakala wa forodha, iliyoko Shimanzi, Mombasa, iliishi na draivu ambayo asubuhi ipo na adhuhuri haipo. Tuna kompyuta kumi na moja za makarani, na ya kumi na mbili, iliyowekwa chini ya meza ya mapokezi na kufunikwa kitambaa ili isiingie vumbi la malori, ndiyo tunayoiita seva. Kila karani akiwasha mashine yake hutarajia kukuta draivu F, ambayo ni folda ya nyaraka za makontena, na draivu H, ambayo ni ya hesabu. Folda hizo ziko kwenye seva. Zimepewa herufi tu ili karani azifungue kana kwamba zimo ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Herufi zote ni 26, A hadi Z, na flashi, diski ya nje, kisoma kadi na folda ya mtandao vyote huzigombania hizo hizo.

Duka ninalolitathmini liko Mwembe Tayari, ghorofani, juu ya maduka ya vipuri. Jina lake nimelihifadhi kwa sababu nina malalamiko mawili ambayo wenyewe wameahidi kuyarekebisha, na si haki kumwanika mtu aliyekwisha kukiri.

Kilichotupeleka huko ni flashi ya mteja. Alituletea ankara na orodha ya upakiaji ya kontena lake la futi 40. Karani wetu wa nyaraka akaichomeka jioni, akanakili alichokitaka, akaenda zake nyumbani na kuiacha palepale. Asubuhi kompyuta ilipowashwa, Windows iliiona flashi kabla mtandao haujawa tayari, ikaipa herufi ya kwanza iliyokuwa wazi. D ni ya sehemu ya pili ya diski na E ni ya kiendeshi cha DVD, hivyo flashi ikapata F. Mtandao ulipoamka na kuidai F yake, kikatokea kidirisha kusema kwamba jina la kifaa tayari linatumika na muunganisho haukurejeshwa. Karani, kama afanyavyo yeyote mwenye wateja watatu mbele ya meza, akakifunga bila kukisoma. Programu ya skana ilikuwa imeelekezwa tangu zamani iweke kila ukurasa kwenye F, nayo ikaweka. Kufikia saa sita mchana nyaraka za wateja wanne zilikuwa zimeskaniwa vizuri kabisa, zote zikiwa kwenye flashi ya mteja wa tano, ambaye alipitia saa saba, akaichukua flashi yake, akashukuru, akapanda matatu kwenda Changamwe.

Ilituchukua siku mbili kujua zilikokwenda. Anayefanya kazi za bandari hahitaji kuelezwa maana ya siku mbili pale muda wa bure wa kontena, yaani siku za kukaa bila kutozwa, unapokuwa umebaki siku moja.

Fundi wa awali, ambaye si wa duka hili, alisema flashi ina virusi. Aliporudi mara ya pili alisema seva imezeeka na inunuliwe nyingine. Huyo ndiye aliyekuwa ametuunganishia draivu hapo mwanzo, na makosa yake nitayarudia baadaye kwa kuwa nusu ya kazi ya fundi mpya ilikuwa kuyafukua.

Fundi wa Mwembe Tayari aliahidi kuja saa mbili asubuhi akafika saa tatu unusu, akisema amechelewa kwenye feri ya Likoni. Hilo ni lalamiko dogo na silihesabu. Kila mwenye jamaa ng'ambo ya pili anaijua hadithi hiyo. Nilichokipenda ni kwamba hakugusa kitu kwa dakika ishirini za kwanza. Alivuta kiti nyuma ya karani akamwambia, "Dada, fanya kazi yako kama siku zote, mimi natazama tu." Kisha akaenda kwa mhasibu, mama wa makamo anayeheshimiwa ofisini, naye akampokea kwa kauli kwamba, "Mwanangu, mashine hii imerogwa, leo inanikubali, kesho inanikataa." Fundi akacheka, akamwomba aifungue H mbele yake. Ikakataa. Akasoma ujumbe wote hadi mwisho, akaandika kwenye daftari namba ya hitilafu iliyotajwa, 1219, akaenda kompyuta ya tatu.

Baada ya mzunguko huo alitueleza jambo ambalo kwangu ndilo lililostahili malipo yake. Alisema sisi tunaita yote "draivu imepotea", lakini ofisi nzima ina magonjwa matatu tofauti yenye homa moja, na ndiyo maana dawa iliyofaa meza hii ilizidisha maumivu meza ile.

La kwanza ni hilo la herufi. Katika kompyuta tatu za aina moja, zenye tundu za kadi za kumbukumbu mbele, hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya flashi, kwa kuwa kisoma kadi hujitwalia herufi kadhaa hata kama hakina kadi yoyote, na Windows kwa kawaida huzificha draivu zilizo tupu. Ukitazama orodha unaona F haina mtu. Ukijaribu kuitumia unaambiwa ina mwenyewe. Fundi wa awali alipokwama hapo alizipa kompyuta hizo tatu herufi K kwa folda ileile ambayo wengine nane waliiita F. Matokeo yake ni kwamba mtu akiagizwa "iweke kwenye F", alipoiweka palitegemea amekaa kiti gani, na njia za mkato tulizokuwa tukinakiliana hazikufunguka kwa baadhi yetu. Tulikuwa tumelaumiana sana kwa jambo hilo, hadi kufikia kutuhumiana kufuta kazi za wenzetu.

Fundi hakujaribu kuipigania F. Aliziacha herufi zote za mwanzo kwa vitu vinavyochomekwa, kwa kuwa Windows hugawa kutoka mwanzo wa alfabeti, akazipeleka folda za mtandao mwishoni ambako flashi haifiki: nyaraka zikawa S, hesabu zikawa T, nazo ni zilezile kwenye kompyuta zote kumi na moja. Akarekebisha pia mahali programu ya skana inapoweka kurasa, jambo ambalo ningelisahau kabisa kama ningelifanya mwenyewe. Kwa kuwa ofisi yetu ni ndogo na haina seva ya kusimamia akaunti zote kwa pamoja, aliandika skripti, yaani faili fupi la amri, inayojiendesha karani anapoingia kwenye kompyuta: inasubiri mtandao uamke, inaondoa muunganisho wa zamani kwa amri ya net use, kisha inaunganisha upya. Kabla ya kuijaribu alizunguka meza kwa meza akihimiza kila mtu ahifadhi kazi na kuzifunga faili zake, kwani kukata muunganisho huku faili liko wazi ni kulitafutia faili hilo maafa. Fundi wa awali hakuwa na desturi hiyo.

Ugonjwa wa pili ulikuwa wa mhasibu. Windows hairuhusu mtumiaji mmoja, kwenye kompyuta moja, kuunganika na seva ileile kwa majina mawili tofauti kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo maana ya ile 1219. Folda ya nyaraka aliifungua kwa jina lake. Folda ya hesabu alikuwa amepewa jina na neno la siri la mkurugenzi, ati kwa sababu hesabu ni siri. Siku ambayo H ilitangulia kuunganika, F ilikataa. Siku F ilipotangulia, H ilikataa. Mama wa watu hakurogwa. Fundi wa awali alikuwa ameliona tatizo hili na kulikwepa kwa ujanja unaojulikana: draivu moja aliiunganisha kwa jina la seva na ya pili kwa anwani yake ya namba, na Windows, ikiona maandishi mawili tofauti, ikadhani ni seva mbili. Ujanja huo unafanya kazi. Ila anwani yenyewe hakuifanya ya kudumu. Ilikuwa inagawiwa na ruta, kifaa kinachoziunganisha kompyuta za ofisi, na stima ilipopotea na kurudi, ruta ikaipa seva namba nyingine, na draivu ya mhasibu ikaelekea mahali pasipo na kitu, hadi iliporudishwa kwenye jina la seva na ugomvi ukaanza upya.

Hapa fundi wetu alisimama imara mbele ya mkurugenzi, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma. Alimweleza kwamba siri ya hesabu hailindwi kwa kumkopesha mtu neno lako la siri, bali kwa kumpa mhasibu ruhusa ya folda ile kwa jina lake mwenyewe na kuwanyima wengine. Mkurugenzi alinuna kidogo, akakubali. Neno la siri lililokuwa limehifadhiwa kwenye kompyuta ya mhasibu likafutwa, ruhusa zikapangwa upya kwenye seva, na seva ikatengewa anwani moja ya kudumu kwenye ruta.

La tatu lilikuwa jepesi. Programu moja ya zamani hufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, na kwa msimamizi Windows hufungua kikao kingine ambacho hakizioni draivu alizoziunganisha mtumiaji wa kawaida. Lilimalizwa kwa badiliko moja katika rejista, hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, na kuzima na kuwasha. Alama nyekundu ya msalaba kwenye picha ya draivu, iliyokuwa ikimtia hofu kijana wa mapokezi kila akirudi kutoka chakula cha mchana, tuliambiwa tuipuuze: seva hukata muunganisho uliokaa dakika 15 bila kutumiwa, na ukibofya draivu unarudi wenyewe.

Sasa nije kwenye kasoro. Skripti yake, nilipoifungua jioni kwa udadisi, nilikuta jina la akaunti na neno la siri vimeandikwa wazi ndani yake, yeyote awezaye kufungua faili la maandishi angeyasoma. Kwa fundi aliyetoka kumhubiria mkurugenzi kuhusu maneno ya siri, hilo lilinishangaza. Nilimpigia simu, hakubisha, alisema aliyaweka kwa majaribio akasahau kuyaondoa, na kesho yake alirudi bila malipo akayahamishia kwenye hifadhi ya Windows yenyewe ya maneno ya siri. Kusahau huko sikusamehi upesi, kwa sababu kama nisingefungua faili, lingekuwa liko vile hadi leo.

Kasoro ya pili ni ya karatasi. Nililipa shilingi 7,500 kwa M-Pesa, bei niliyoiona ya haki kwa kazi iliyomaliza nusu siku nzima, nikapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara nchini Kenya inahitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato KRA, ili ikubaliwe kwenye hesabu za kodi, na duka linalohudumia ofisi halipaswi kukumbushwa hilo. Ankara ilikuja siku ya nne, baada ya simu tatu.

Kuna jambo moja ambalo mwenzangu angelihesabu kuwa kasoro, nami nalihesabu kuwa sifa. Mashine yetu kuukuu ya kunakili ina uwezo wa kupeleka kurasa moja kwa moja kwenye folda ya seva, lakini kwa kutumia SMB1 tu, itifaki (kanuni za kompyuta kupeana faili) ya zamani ambayo Windows 10 iliacha kuiwasha kwa chaguo-msingi tangu toleo la mwishoni mwa 2017. Tulimwomba aiwashe. Alikataa, akatukumbusha kwamba WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia iliyofunga kompyuta duniani kote Mei 2017, hospitali za Uingereza zikiwemo, ilipitia mlango huohuo. Tumebaki kuskani kwa kompyuta, na mashine ile inanakili tu.

Aliondoka baada ya kubandika kando ya kila skrini karatasi ndogo yenye mistari miwili, S nyaraka na T hesabu, na baada ya kukivua kitambaa kilichofunika seva, akituambia imekaribia kupikika. Wiki ya sita sasa inakwisha. Flashi za wateja huingia na kutoka, zikikaa F au G kama zipendavyo, na hakuna nyaraka iliyosafiri tena kwenda Changamwe.

Kilichobaki ni kompyuta ya mkononi ya mkurugenzi, ambaye anataka kuifungua S akiwa nyumbani Nyali. Duka limesema folda ya ofisi haifunguliwi kupitia intaneti bila njia ya faragha ya kuunganisha, na limeomba shilingi 12,000 kwa kazi hiyo. Nimewajibu walete kwanza maelezo kwa maandishi ya watakachokifanya na mahali maneno ya siri yatakapokaa, pamoja na ankara ya eTIMS siku ileile ya kazi.