Begi langu la mgongoni nililoshonesha Kariakoo: la tatu ndilo lililokubali

Kila mwaka nanunua begi la mgongoni, na kila mwaka linakufa kifo kilekile: mkanda unachomoka pale juu uliposhonewa, au zipu inaachia meno nikiwa kituoni. Safari hii nikasema basi. Nikachora la kwangu kwenye daftari, nikalipeleka kwa fundi mabegi Kariakoo.

Nilitaka liingie kompyuta ya inchi 14, kontena la chakula, kanga na mwavuli, na jioni nikipita sokoni lisinitie aibu. Urefu sentimita 45, upana 30, kina 15; ukizidisha ni lita 20 na ushee. Fundi akautazama mchoro wenye mifuko kumi na moja, akauliza, "Dada, hili begi au kabati?"

Kitambaa chenyewe cha begi hakutaka kukigusa kabla mchoro haujajaribiwa. La kwanza alilishona kwa mfuko wa salfeti, ule wa mchele, na zipu aliyoichomoa kwenye begi bovu. Akanitoza shilingi 8,000, nami moyoni nikasema huyu ananilia hela. Nikalipakia vitu vyangu vyote, nikapanda nalo mwendokasi Kimara saa moja asubuhi, kuelekea Kivukoni. Watu walicheka, na kweli lilichekesha, lina picha ya mpunga mgongoni.

Kabla hatujafika Magomeni nilishajua mchoro wangu ni wa mtu asiyepanda basi. Kwenye mwendokasi uliojaa, begi hulivai mgongoni, unalihamishia kifuani. Sasa ule mfuko wa mbele niliouchora kwa ajili ya simu na pochi ukawa unawatazama abiria wenzangu kama sahani ya mgeni. Jioni nikaufuta. Simu ikahamia kwenye zipu iliyo upande unaogusa mwili: ukilivaa nyuma imelaliwa na mgongo, ukilivaa mbele imelaliwa na kifua. Mifuko kumi na moja ikabaki minne. Ile elfu nane ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye kazi hii.

La pili tulikata poliesta yenye alama ya 600D. Hiyo D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa maana yake uzi mnene, ila haisemi chochote kuhusu maji. Kwa maji geuza kitambaa uangalie kilivyopakwa upande wa ndani. Kama utando unabanduka ukiukwaruza kwa kucha, kiache hapohapo dukani.

Hilo nalo lilikuwa na mambo. Mikanda ilikuwa imeachana sentimita 20 pale juu, nami mabega yangu membamba, ikawa inateleza kutwa nzima. Sponji ya godoro mgongoni ilikunywa jasho, wiki mbili ikalala chapati. Zipu niliinunua mwenyewe, namba 5, yenye meno madogo, kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu, fundi aliniambia wazi, "Hii itakutukana mbele za watu." Ilinitukana Posta, kontena likamwagika. Kompyuta nayo ilikuwa inafika hadi chini kabisa, kila nikiweka begi sakafuni nasikia ko!

La tatu ndilo ninalobeba sasa. Zipu namba 8, yenye meno makubwa zaidi, na pembe za juu zimeviringwa, maana zipu ikikunjwa kwenye kona kali haidumu. Sponji imetolewa, kimewekwa kipande cha mkeka wa mazoezi, ambao haunywi maji. Mfuko wa kompyuta unaning'inia sentimita 3 juu ya kitako. Mikanda imesogezwa, imeachana sentimita 8, na kila mzizi wake umeshonwa kisanduku chenye alama ya X ndani, kwa uzi wa nailoni. Nimebebea unga kilo 10 hadi nyumbani, hakuna hata mshono uliolia.

Mvua ya masika lilistahimili kiasi. Kitambaa hakikupitisha, lakini matundu ya sindano yalipitisha, kanga ikalowa pembeni. Kompyuta naifunga kwenye mfuko usiopitisha maji, basi.

Tuje kwenye hela: 8,000 la kwanza, 30,000 la pili, 45,000 ufundi wa la tatu, na vifaa 38,000. Jumla 121,000. Dukani ningepata mabegi mawili na nauli ikabaki. Muda nao, niliahidiwa wiki moja, nikapata baada ya wiki tano za "njoo kesho". Kama una haraka, usiende.

Mfuko wa chupa bado umekaa vibaya, nikiinama chupa inatoka. Nilimpelekea Jumamosi, akaniambia nimwachie begi siku mbili. Nimekataa, sina lingine la kubebea.