Alamanda ndani ya grinihausi, mwaka wa tatu sasa

Nina alamanda ya njano, mmea wa maua, ile Allamanda cathartica, huu mwaka wa tatu iko kwenye grinihausi. Nliichukua ikiwa mche kwenye kopo. Kwao ni Amerika Kusini, Brazili na maeneo yale, kwa hiyo baridi haiiwezi, usiku nahakikisha joto halishuki chini ya digrii 15 maana likishuka siku mbili tatu mfululizo majani yanageuka njano yanadondoka.

Mwaka wa kwanza ilinitesa jamani. Majani mengi yanang'aa, matawi yamefika mpaka juu kwenye paa, ua hata moja hakuna! Mi nikaona labda ina njaa nikazidi kuipa mbolea yenye nitrojeni nyingi, na hapo ndo nilikuwa naharibu kabisa, nitrojeni inasukuma majani tu. Afu nilikuwa naogopa kuikata. Kumbe alamanda maua yake yanatoka kwenye matawi mapya, yaliyoota msimu huohuo, tawi la mwaka jana linakula nafasi tu. Basi baridi ilipokaribia kuisha, kabla haijaanza kuchipua, nikashika mkasi nikakata kila tawi la mwaka jana nikaacha vifundo viwili au vitatu, yaani pale majani yanapotokea, roho iliniuma kweli maana vilibaki vijiti vitupu, mbolea nikabadilisha nikaweka yenye potasiamu nyingi. Chipukizi zikatoka kila upande na joto lilipokolea nikapata yale maua ya tarumbeta, makubwa, sentimita 10 hivi upana, yakawa yanapokezana miezi na miezi. Nilikuwa naingia mle asubuhi nasimama tu naangalia.

Ukikata vaa glavu. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi, na mmea mzima una sumu, mtoto au mbwa asiutafune.

Jambo lingine, wanaiita mmea wa kupanda juu ya vitu lakini haina vikono vya kujishikia wala haijizungushi yenyewe, inaegemea tu, kwa hiyo waya na kamba ni lazima na uifunge mapema matawi yakiwa bado laini.

Kinachonisumbua mpaka leo ni utitiri mwekundu. Hewa ikikauka tu wanakuja, utaona vidoti vidogo kwenye jani na utando mwembamba kwa chini, mi nanyunyiza maji upande wa chini wa majani kila asubuhi na sakafu nailowesha pia, wanapungua. Msimu wa baridi kumwagilia napunguza sana, nasubiri udongo wa juu ukauke.

Kama grinihausi yako haina hita na kwenu kuna baridi usiichukue, utaumia bure. Kama hita ipo na mwanga upo wa kutosha, chukua. Zile pingili nilizokata safari hii sikuzitupa, nilizichomeka kwenye mchanga wa uvuguvugu na tatu zimeshatoa mizizi.