Walibandika stika juu ya mwaka: kitabu cha kujiandaa na MBA nilichouziwa Dodoma

Nimekaa na hii hasira wiki kadhaa najiambia itapita, haipiti, kwa hiyo naandika. Nilinunua kitabu cha mwongozo wa kuombea MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, kile kinene ambacho kila kitu kimo humo humo, GMAT, yaani mtihani wa kuombea shule za biashara, insha, barua za marefa, yaani watu wanaokupendekeza chuoni, intavyuu, kwenye duka moja la vitabu hapa mjini Dodoma. Elfu sitini na tano. Duka silitaji maana mwenye duka nasikia ni mtu mwingine kabisa na aliyenifanyia haya ni muuzaji wa kaunta, na kitabu chenyewe sikitaji kwa sababu, mtaona mbele, sina uhakika kama kosa ni la kitabu.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ndogo inayonunua zabibu kwa wakulima, naishi Nkuhungu, natoka kazini jioni, napika, halafu kuanzia saa tatu usiku mpaka saa sita nakaa na kitabu. Nimefanya hivyo karibu miezi miwili bila kukosa. Na katika hiyo miezi miwili sehemu niliyoipa nguvu zaidi ni ile ya kusahihisha sentensi, maana Kiingereza ndiyo hofu yangu, na kitabu kimeitilia mkazo sana, kurasa na kurasa, wanakupa sentensi ndefu imepigiwa mstari unachagua ipi ndiyo sahihi kati ya tano. Nimejaza kauntabuku la kwaya tatu. Kanuni nimezikariri kama sala. Mdogo wangu alikuja likizo akakuta nimebandika karatasi za sarufi mpaka mlango wa jikoni.

Jumamosi moja nikasema sasa nijipime. Wenye mtihani wanatoa majaribio mawili ya bure kwenye tovuti yao, unafanya kwenye laptopu kama mtihani wenyewe, saa inahesabu. Nikanunua bando, nikamwambia jirani naomba leo apunguze mziki, nikajifungia. Nikaanza na lugha maana ndiko nilikojiandaa. Swali la kwanza kifungu cha habari. La pili hoja. La tatu, la nne, nasubiri sentensi zangu. La kumi hamna. La kumi na tano hamna. Likafika la 23 sehemu ikafungwa, na sikuona sentensi hata moja yenye mstari. Nikadhani mtandao umeruka maswali, kweli kabisa nilidhani hivyo, nikazima nikawasha.

Baadaye ndiyo nikasoma vizuri kwenye tovuti yao. Mtihani umebadilika tangu mwishoni mwa 2023, na ule wa zamani waliufunga kabisa mwanzoni mwa 2024. Ule wa zamani ulikuwa unapita masaa matatu, una insha ya nusu saa, una kusahihisha sentensi, una jometri. Huu wa sasa ni masaa mawili na robo, sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, lugha 23, na sehemu inaitwa Data Insights maswali 20 ambayo kitabu changu hakijaitaja popote, ni majedwali na grafu na maelezo unatakiwa uyaunganishe. Insha hakuna. Jometri hakuna. Kusahihisha sentensi hakuna. Miezi yangu miwili ilikuwa imekaa hasa kwenye vitu vilivyofutwa.

Nikachukua kitabu nikakigeuza geuza natafuta ni cha mwaka gani. Kwenye jalada, juu kulia, kuna stika ya njano imeandikwa kwa kalamu "OFA 65,000". Tangu nakinunua nilikuwa naiona tu kama stika ya bei. Nikaibandua na ukucha taratibu, na chini yake imeandikwa toleo la 2017. Kitabu kizima kina nafasi tupu kibao, jalada lote lile, na stika imekaa hapo hapo kwenye mwaka, pembe zote nne zimeufunika sawasawa. Nikafungua ule ukurasa wa haki miliki ndani, na kwenyewe kulikuwa na stika ndogo nyeupe ya nambari za duka, nikaibandua nayo. Mwaka tena. Mtu asiniambie ni bahati mbaya, stika mbili haziwezi kuangukia mwaka mara mbili.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikapanda bajaji mpaka mjini. Na nataka ieleweke kwamba niliingia kwa adabu. Nikasema, "Kaka habari za kazi, nimerudi na hiki kitabu, naomba tuzungumze kidogo." Akasema kina nini, hajainua macho kwenye simu. Nikamweleza, ni cha zamani, mtihani ulishabadilika, na mwaka mlikuwa mmeufunika. Hakukishika hata. Akasema, "Dada, kwani hesabu zimebadilika? Siku hizi moja na moja ni tatu?" Vijana wawili pale kwenye mashine ya fotokopi wakacheka. Nikatoa risiti. Akaninyooshea kidole chini pale kwenye muhuri, mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sitaki hela, nibadilishie basi hata kitabu kingine, mwaka mlioficha ndiyo tatizo. Ndipo akaniangalia kwa mara ya kwanza na akasema kwa sauti, duka zima lisikie, "Wewe si ndiyo msomi unaenda Ulaya? Msomi gani hasomi kitu kabla hajakinunua?"

Kulikuwa na mama mmoja anamnunulia mtoto madaftari, akasema, "Jamani mwanangu, si umsikilize mwenzio." Akamjibu, "Mama endelea na madaftari yako." Yaani mama mtu mzima kabisa, mwenye rika la kumzaa. Nilitoka. Sikujibu kitu, nilikuwa nimeshika kitabu kifuani kama mtu amebeba mtoto mgonjwa, na nimefika mpaka Nyerere Square ndiyo nikakumbuka bajaji zangu za Nkuhungu nimezipita.

Elfu sitini na tano inauma, kwa mshahara wangu siyo hela ndogo, lakini siyo hiyo inayonikosesha usingizi. Kinachouma ni zile saa tatu mpaka saa sita usiku. Na kuchekwa mbele za watu kwa sababu unataka kusoma. Huyo kaka anauza vitabu. Sijui wanaotaka kusoma wakimchosha atamuuzia nani.

Sasa kuhusu kitabu chenyewe. Siku ile nilirudi nyumbani nimeshaamua ni nyota moja, na kwa kweli sababu zilikuwepo. Kinasema kwa shule kubwa alama chini ya 700 usijisumbue. Mimi kwenye lile jaribio nilipata 565 nikalia usiku ule, nikafunga laptopu nikasema basi, siyo kwangu. Mpaka nilipokuja kuelewa kwamba alama za sasa zinaanzia 205 mpaka 805, na 645 ya sasa ndiyo karibu sawa na ile 700 ya zamani. Kwa hiyo nilikuwa nalia kwa kipimo kilichokufa. Bado natakiwa nipande, ndiyo, lakini kilima siyo kile nilichokuwa nakiona.

Halafu GPA, ule wastani wa alama za chuo. Kitabu kinaongea GPA ya 4.0 kama vile dunia nzima ni Marekani. Sisi vyuo vyetu ni ya 5.0, mimi nina 3.6, ni apa sekondi, na nilisoma hicho kitabu wiki nzima nikijiona niko vizuri kabisa na 3.6 yangu juu ya nne, halafu siku nyingine nikageuka nikaona niko pabaya, naigawanya naizidisha kwenye kikokotoo cha simu. Vyuo vingi vinakuambia andika kama ilivyo kwenye transkripti yako, usigeuze. Sentensi moja tu hiyo. Kitabu cha kurasa mia nne na zaidi kimekosa nafasi ya sentensi moja kwa ajili ya mtu aliyesoma Tanzania.

Lakini sasa hapa ndipo panaponichanganya, na nimeandika hii aya nikaifuta mara mbili. Sura ya saba, ile ya insha za kuombea chuo, siyo ile insha ya kwenye mtihani. Siwezi kudanganya, sijawahi kusoma kitu kikanisaidia vile. Mifano yake yote ni watu wa benki New York na washauri wa makampuni, hiyo iache, lakini inakuuliza swali: ni siku gani kazini ulibadilisha jambo bila kuagizwa na mtu? Usianze na utoto wako, usianze na ndoto, anza na siku hiyo.

Nilikaa na hilo swali jikoni mpaka chai ikapoa. Halafu nikaanza kuandika juu ya zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu ikishakatwa haina subira, jua letu hili mnalijua. Wakulima wa Hombolo walikuwa wanaleta makreti yao getini kwetu wanapimiwa, wanapewa karatasi, hela baada ya wiki mbili. Sasa madalali wakajua, wanawasubiri barabarani na hela taslimu kwa bei ya chini, na mkulima mwenye ada ya mtoto ya kulipa kesho anampa dalali. Kuna mzee mmoja alilala getini siku mbili akidai hela ya makreti sita, mimi ndiye niliyekuwa namkuta asubuhi namsalimia shikamoo na sina la kumwambia. Nilikaa na bosi wangu nikamwonyesha kwenye mahesabu kwamba tunaweza kulipa siku hiyo hiyo kwa simu tukipanga manunuzi kwa siku badala ya kulundika, ikachukua msimu mzima kumshawishi, na msimu uliofuata wale waliokuwa wanamuuzia dalali wakaanza kurudi, na yule mzee akiwemo.

Sikuwahi kufikiri hiyo ni stori ya kwenda kumweleza mtu wa Ufaransa. Naomba INSEAD, shule ya biashara ya huko Ufaransa, kozi yao ya MBA ya miezi kumi, kwa sababu miaka miwili mimi siwezi kukaa nje ya kazi na nina watu wananitegemea. Na nilikuwa nimeshaandika insha ya kwanza ambayo ni maneno matupu, uongozi, shauku, kuleta mabadiliko Afrika, sijui nini. Ile sura ndiyo iliyonifanya niichane. Kwa hiyo nikisema kitabu ni takataka nitakuwa nasema uongo.

Na sura ya marefa pia ni nzuri, niseme tu haraka. Kwetu ukimwomba bosi barua anakwambia andika wewe nitasaini. Kitabu kilinielewesha kwamba chuo kinamtumia bosi linki kwenye barua pepe yake, anajibu maswali mwenyewe, wewe huoni. Nikaenda nikamwelekeza bosi wangu mapema kabisa, nikamkumbusha ile ya makreti, akasema sawa, na safari hii hakuniambia niandike mwenyewe.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilikuwa nimeandika tatu hapa. Kwa sura mbili zile kitabu kinastahili hata nne, na aliyekiandika wakati ule hakukosea, mtihani aliouandikia ndio uliokuwepo. Lakini nikikumbuka "moja na moja ni tatu" na wale vijana wanavyocheka mkono unatetemeka, na hapana, sitoi tatu. Mimi sikununua sura mbili. Niliuziwa kitabu cha kufaulia mtihani ambao haupo, na mtu aliyeniuzia alijua, maana aliyebandika stika ya kwanza anaweza kujitetea, aliyebandika ya pili hana cha kusema. Nyota moja kwa duka. Kitabu sikipi yoyote, siyo chake kosa na siyo langu.

Kama unataka kununua mwongozo wa aina hii hapa Dodoma, au popote, fungua mbele ya muuzaji, tafuta mwaka, na ukikuta stika ibandue hapo hapo dukani, akikukataza rudisha kitabu kwenye shelfu uondoke. Chochote kilichoandikwa kwa mtihani wa kabla ya mabadiliko ya mwishoni mwa 2023, kwa upande wa mtihani hakikufai hata kwa bure. Bora ukaanza na yale majaribio mawili ya bure ya wenye mtihani kuliko kuanza na kitabu, mimi nilianza kinyume.

Sura ya saba na ile ya marefa nimezikata kwa wembe nikazitoboa nikaziweka kwenye faili. Karatasi za sarufi nimezibandua mlangoni. Nimenunua kauntabuku jipya, la kwaya mbili safari hii, na zile stika mbili, ya njano na nyeupe, nimezibandika ndani ya jalada lake. Usiku huu niko kwenye majedwali.